Kifungua kinywa kizito au chepesi? Namna ya kupanga saa za kula unapopunguza uzito

Msemo wa kula asubuhi kama mfalme na usiku kama maskini umezunguka sana kwenye vikundi vya afya na mazoezi. Upande wa pili wapo wanaoapa kwamba kuruka chai ya asubuhi ndiko kunakoyeyusha kitambi. Pande zote mbili zinaipa saa nguvu isiyo nayo. Uzito hushuka pale jumla ya nishati unayokula ndani ya siku na wiki inapokuwa ndogo kuliko unayotumia. Saa ya kula na ukubwa wa kifungua kinywa hugusa jambo jingine, nalo ni njaa utakayokuwa nayo saa kumi jioni na sahani utakayojipakulia saa tatu usiku. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo panastahili kupangwa kwa vipimo badala ya misemo.

Majaribio yameonyesha nini

Mwaka 2013 watafiti wa Israeli waliwagawa wanawake 93 wenye unene katika makundi mawili, wote kwa ratiba ya kalori 1,400 kwa siku. (Kalori hapa ni zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula.) Kundi la kwanza lilikula 700 asubuhi, 500 mchana na 200 usiku. La pili likageuza: 200, 500, 700. Baada ya wiki 12 waliokula sana asubuhi walikuwa wamepungua wastani wa kilo 8.7, na waliokula sana usiku kilo 3.6. Msemo wa mfalme na maskini ulipata nguvu mpya.

Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti, kilitoa matokeo ya jaribio lenye udhibiti mkali zaidi. Watu 30 wenye uzito uliozidi walipewa chakula chote na watafiti. Kwa wiki 4 walikula asilimia 45 ya nishati yao asubuhi, 35 mchana na 20 jioni, na kwa wiki 4 nyingine mpangilio uligeuzwa. Katika kila mpangilio walipungua kilo 3 na ushei, karibu sawasawa kabisa. Mwili haukuchoma zaidi kwa sababu chakula kililiwa mapema. Kilichotofautiana ni njaa: walipokula zaidi asubuhi, njaa ya siku nzima ilikuwa ndogo.

Ukiyaweka majaribio hayo pamoja, maelezo yanayoingia akilini ni haya: chakula kikipimwa na mtu mwingine, saa haina kazi kubwa, mtu akijipakulia mwenyewe, njaa ya jioni ndiyo inayoshika upawa. Na nyumbani kila mtu hujipakulia mwenyewe.

Je, kuacha kabisa kifungua kinywa? Jarida la BMJ mwaka 2019 lilichapisha mapitio ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliyafanya juu ya majaribio 13. Waliokula asubuhi walimaliza siku wakiwa wamekula takriban kalori 260 zaidi, na walioruka walikuwa wepesi kwa gramu 440 hivi. Tofauti ni ndogo, na watafiti wenyewe walionya kwamba ubora wa majaribio mengi haukuwa wa juu. Lakini inatosha kuondoa hofu kwamba ukiruka chai mwili "unafunga" na kuanza kuhifadhi mafuta. Jaribio la Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, la mwaka 2014 lilipima hilo: kwa wiki 6 za kutokula hadi mchana, nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika haikupungua. Kilichopungua ni kutembea na shughuli ndogondogo za asubuhi. Kumbuka hilo, litarudi kwenye hesabu.

Kuhusu kula usiku sana, jaribio la Boston la mwaka 2022 liliwapa watu 16 milo ileile kwa kuichelewesha muda wa saa 4 hivi. Njaa iliongezeka, homoni ya shibe iitwayo leptini ilishuka wakati wakiwa macho, na nishati iliyotumika ilipungua kidogo. Na wale wanaokula ndani ya muda wa saa 8 tu kwa siku? Huko Guangzhou, China, watu 139 walifuatiliwa kwa mwaka mzima, wote wakiwa wamepunguziwa kalori kwa kiwango kilekile. Waliobanwa kula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni hawakupungua kwa tofauti ya maana kuliko waliokula saa yoyote.

Jumla ya siku ndiyo inayopunguza uzito. Ratiba ni chombo cha kukusaidia kuishika jumla hiyo bila kuteseka, na chombo kinachomfaa jirani yako huenda kisikufae wewe.

Wasioanza peke yao

Anayetumia insulini, au vidonge vya kisukari vya aina ya glibenklamaidi, gliklazaidi au glimepiraidi, asiruke mlo wala asipunguze kifungua kinywa kabla ya kuzungumza na daktari wake. Dawa hizo hushusha sukari hata kama tumboni hamna kitu. Jasho baridi, kutetemeka na kuchanganyikiwa ni dalili za hatari. Metformini nayo humezwa pamoja na chakula, hivyo mlo ukihama, muulize mhudumu saa mpya ya kidonge. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, na yeyote aliyewahi kusumbuliwa na tabia ya kujinyima chakula au kula na kujitapisha, mwongozo huu si wao.

Vidonda vya tumbo vinahitaji maelezo yake, kwa sababu wengi huogopa kwamba kuchelewa kula ndiko kunakovileta. Husababishwa hasa na bakteria wa Helicobacter pylori na matumizi ya dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Kuruka chai peke yake hakuvianzishi. Lakini aliye navyo tayari mara nyingi huumwa tumbo likiwa tupu, kwa hiyo mpango wa kuruka asubuhi haumfai. Achague mwingine kati ya iliyoelezwa hapa chini.

Wiki ya kwanza: andika, usibadilishe kitu

Kwa siku saba kula kama kawaida yako, ukiandika kila kinachoingia kinywani: saa, kitu chenyewe, kipimo, na njaa yako kabla ya kula kwa namba kutoka 0 hadi 10. Andika palepale, kwani ukingoja usiku utasahau nusu. Vinavyosahaulika zaidi ni mafuta ya kukaangia, sukari ya chai ya pili, kuonja mboga jikoni, na mabaki ya sahani ya mtoto.

Jipime uzito kila asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kunywa chochote, kwa nguo nyepesi zilezile. Mizani iwe juu ya sakafu ngumu. Ukiiweka juu ya zulia au mkeka itakudanganya. Jumlisha namba za siku saba, gawanya kwa saba, na namba hiyo ndiyo uzito wako wa wiki. Namba ya siku moja haina maana. Mlo wenye chumvi nyingi, choo kisichotoka, au siku zinazotangulia hedhi vinaweza kupandisha mizani kilo moja au mbili bila hata gramu ya mafuta kuongezeka. Wanga nao huhifadhiwa mwilini pamoja na maji, takriban gramu 3 za maji kwa kila gramu ya wanga, ndiyo maana mtu akiacha ugali siku mbili hushangilia kilo ambayo itarudi kwa sahani moja.

Pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi. Mara moja kwa wiki yatosha.

Kifungua kinywa chako kina nini hasa

Hapa inafaa kukaa kidogo, maana neno "chai" linabeba mambo mengi. Chukua chapati mbili na kikombe cha chai ya maziwa. Chapati ya nyumbani yenye unga gramu 60 ina kalori 215 za unga, na ikinywa mafuta gramu 10 zinaongezeka 90. Mbili ni takriban 610. Chai yenye maziwa mililita 150 na vijiko vitatu vya sukari vilivyojaa ni 165 nyingine. Jumla ni kalori 775, nusu ya chakula cha siku nzima kwa wanawake wengi wanaopunguza uzito, na protini yake ni kama gramu 17 tu. Kifungua kinywa cha namna hii ni kizito kwa hesabu lakini hakishibishi hadi mchana. Saa nne njaa inabisha tena, na sambusa za ofisini ziko karibu.

Linganisha na sahani hii: mayai mawili ya kuchemsha (145), viazi vitamu vya kuchemsha gramu 200 (175), nusu kikombe cha maharage yaliyoiva (110), parachichi gramu 60 (95), na chai ya rangi yenye kijiko kimoja cha sukari (20). Ni kalori 545, protini gramu 23 hivi, na nyuzinyuzi za kutosha. Sahani inaonekana kubwa zaidi, inachukua muda mrefu kutafuna, na kalori zake zimepungua kwa 230. Basi kabla ya kuuliza kama kifungua kinywa kiwe kikubwa au kidogo, uliza kimejengwa kwa nini. Lenga protini gramu 20 hadi 30 katika kila mlo mkuu. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyoiva gramu 15, na dagaa wakavu gramu 30 wana karibu gramu 18.

Ili namba zako ziwe za jikoni kwako na si za kukisia, nunua mizani ndogo ya jikoni inayopima kwa gramu. Mafuta ya chapati yapime hivi: weka chupa ya mafuta kwenye mizani kabla ya kuanza, kisha uipime tena ukimaliza. Tofauti igawe kwa idadi ya chapati. Kilo moja ya unga hutoa chapati 16 hivi za saizi ya kawaida. Kama gramu 200 za mafuta zimeisha, kila chapati ina gramu 12.5, yaani kalori zaidi ya 110 za mafuta peke yake. Usisahau kujumlisha yale uliyokandia. Kwa maandazi na vitumbua, pima mafuta ya karai kabla na baada, yakishapoa.

Ugali wa familia upime kwa unga mkavu. Tuseme unga gramu 500 umetoa ugali wa kilo moja na nusu. Unga mkavu una takriban kalori 360 kwa gramu 100, kwa hiyo chungu kizima ni 1,800, na kila gramu 100 za ugali ni kalori 120. Ukijikatia gramu 240 umekula 290. Fanya hesabu hiyo mara moja kwa ulaini wa ugali wa kwenu, haitabadilika sana. Dona na sembe zinakaribiana kwa kalori, ila dona ina nyuzinyuzi zaidi na hushikilia tumbo muda mrefu. Asiye na mizani atumie kikombe cha mililita 250: kikisawazishwa hubeba unga wa mahindi gramu 125 hivi. Kijiko cha chakula cha mafuta ni kalori 120. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni gramu 4, lakini kilichojaa kinaweza kufika 7.

Kupata jumla na kuigawa

Mwisho wa wiki tafuta wastani wa kalori za siku. Kama uzito wako umekaa palepale kwa miezi ya karibuni, wastani huo unapaswa kuwa karibu na kile mwili wako unachotumia. Ukikuta daftari linasema 1,200 na wewe ni mtu mzima usiyepungua, daftari limeruka vitu. Rudia siku tatu, safari hii ukipima mafuta na sukari.

Toa 400 hadi 500 kwenye wastani huo. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo upungufu wa 500 kwa siku hutoa karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni. Usishuke chini ya 1,200 kwa mwanamke au 1,500 kwa mwanamume bila usimamizi wa mtaalamu wa lishe. Anayejinyima zaidi ya hapo hupoteza misuli pamoja na mafuta, na mara nyingi huishia kulipiza wikiendi.

Sasa angalia safu ya njaa kwenye daftari. Kama asubuhi huwa na njaa ya 5 au zaidi, au kama kalori zako nyingi huingia baada ya saa kumi na mbili jioni, anza na asubuhi nzito. Kama asubuhi huna hamu kabisa na njaa huanza saa tano au sita, jaribu kuruka. Asiyeangukia popote agawe siku katika sehemu tatu zinazolingana. Si kosa, na mpango huo ni rahisi kuudumisha.

Mfano wa asubuhi nzito kwa mtu wa kalori 1,600, kwa mgawanyo wa Aberdeen, unampa 720 asubuhi, 560 mchana na 320 jioni. Saa moja asubuhi: mayai mawili, viazi vitamu gramu 250, kikombe kimoja cha maharage, parachichi gramu 60, chai ya rangi na kijiko kimoja cha sukari, jumla 700 hivi. Saa saba mchana: ugali gramu 240, samaki wa mchuzi gramu 120, mchicha uliopikwa kwa nusu kijiko cha chakula cha mafuta, na nusu chungwa, jumla 560 hivi. Saa kumi na mbili na nusu jioni: choroko kikombe kimoja zilizopikwa kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta, kachumbari bila mafuta, na chungwa zima; jumla 330.

Usilazimishe kupika mara tatu. Kiporo kinafanya kazi nzuri hapa: chakula ambacho familia ilipika usiku kiwe kifungua kinywa chako. Maharage, kisamvu au mchuzi wa samaki wa jana, vikipashwa vikachemka, ni bora kuliko mkate na siagi. Ila kwa wali kuwa mwangalifu sana. Wali uliolala mezani usiku kucha kwenye joto huota bakteria ambao sumu yao haiondoki hata ukiupasha moto. Utandaze kwenye sahani pana upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya muda wa saa 2, na upashe mara moja tu hadi utoe mvuke. Kama huna friji, achana na kiporo cha wali. Loweka maharage usiku uyachemshe alfajiri, au pika viazi, mihogo au magimbi ya asubuhi hiyohiyo. Angalia mihogo isiwe mingi, kwani gramu 100 zilizochemshwa zina kalori 150 na zaidi, karibu mara mbili ya viazi vitamu.

Kwa anayeruka asubuhi, siku hiyohiyo ya 1,600 inaweza kuwa 750 saa sita mchana, 200 saa kumi, na 650 saa moja jioni. Kabla ya saa sita ni maji, chai ya rangi au kahawa, vyote bila sukari wala maziwa. Mlo wa kwanza uwe umeshaandaliwa kabla njaa haijafika. Anayesubiri njaa ya 8 ndipo aanze kufikiria chakula, ataishia kwenye chipsi mayai, na sahani moja ya chipsi mayai hupita kalori 700 kwa urahisi ikiwa na mafuta mengi na karibu hamna mboga. Na kwa kuwa miguu huwa mizito asubuhi tumbo likiwa tupu, kama lilivyoonyesha jaribio la Bath, weka matembezi ya dakika 20 hadi 30 saa mbili au tatu asubuhi. Usipofanya hivyo sehemu ya ulichookoa kwa kuruka chai utaipoteza kwa kukaa.

Jioni, penye vita vyenyewe

Katika nyumba nyingi mlo mkubwa ni wa usiku. Wote wamerudi, sinia linawekwa katikati, na mwenye kula kidogo huulizwa kama anaumwa. Kumwambia mtu "usile usiku" ni ushauri unaovunja meza ya familia, na haudumu wiki mbili. Kaa mezani. Jipakulie sahani yako pembeni kabla sinia halijafika: nusu ya sahani mboga za majani, robo maharage au samaki au nyama isiyo na mafuta, na robo iliyobaki ugali au wali uliopimwa. Anza na mboga. Ukiwa mgeni mahali, pokea kidogo, sifu chakula, kula polepole; anayemaliza sahani mapema ndiye anayeongezewa.

Kama kwenu hula saa tatu usiku na ratiba haibadiliki, kula kitu kidogo chenye protini saa kumi na moja: yai moja na tunda, au kikombe cha maziwa mtindi bila sukari, au karanga gramu 20. Kalori 120 za saa kumi na moja zinaweza kuokoa nyingi zaidi za saa tatu. Karanga zipimwe kwenye kisahani, kamwe zisiliwe kutoka kwenye mfuko, maana gramu 100 ni kalori 570 na mkono hauhesabu.

Acha muda wa saa 2 hadi 3 kati ya mlo wa mwisho na kulala. Faida yake ya wazi kabisa ni kupungua kwa kiungulia, na kwa watu wengi mwili hushughulikia wanga vibaya zaidi usiku kuliko asubuhi. Baada ya hapo jikoni pafungwe. Wengi hawaharibu mpango kwenye mlo wenyewe bali kati ya saa tatu na saa tano usiku, mbele ya televisheni.

Usingizi nao uingie kwenye hesabu. Anayelala kwa muda wa saa 5 tu huamka na njaa kubwa zaidi na hamu ya vitamu, hata kama mlo wa jana ulikuwa sahihi.

Panapoharibika

Kosa kubwa kuliko yote ni kuongeza asubuhi bila kupunguza usiku. Mtu anasoma kwamba kifungua kinywa kizito kinapunguza uzito, anaanza kula mayai, maharage na viazi, na usiku sahani inabaki ileile. Baada ya mwezi amepanda kilo moja na analaumu mpango. Kila kalori iliyoingia asubuhi lazima itoke mahali, kwa hiyo anza kupunguza usiku siku ileile unayoongeza asubuhi. Usiku wa kwanza na wa pili utahisi njaa. Kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja, mwili unapozoea saa mpya.

La pili ni chai ya saa nne kazini. Ukiwa umekula sawasawa saa moja, chai ya saa nne iwe kinywaji tu. Maandazi mawili ya gramu 50 kila moja ni kalori 350 hivi ambazo hazikuwa kwenye mgawanyo.

Vinywaji ni la tatu. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na zaidi. Juisi ya maembe au miwa iliyokamuliwa nyumbani haina tofauti kubwa kwa hesabu, hata kama ni ya asili. Bia ya nusu lita ni takriban kalori 200 na huamsha hamu ya nyama choma yenye chumvi. Kula tunda lenyewe, kunywa maji.

Halafu kuna Jumapili na sherehe. Upungufu wa 450 kwa siku tano ni 2,250. Pilau ya harusi ya Jumamosi, soda mbili, kisha chapati na supu ya Jumapili vinaweza kuufuta wote. Huhitaji kuacha harusi. Siku yenye sherehe ya usiku, punguza wanga mchana, weka protini ileile, na harusini chukua sahani moja tu, pilau robo yake, nyama na kachumbari zilizobaki.

Wakati wa Ramadhani mgawanyo huhama, kanuni haihami. Daku ndiyo kifungua kinywa chako: protini na nyuzinyuzi, isiyo na chumvi nyingi ili kiu isikusumbue. Futari ianze kwa maji na tende mbili au tatu, kisha supu au uji mwepesi, halafu swala, ndipo mlo wenyewe. Kinachonenepesha wengi mwezi huo ni futari ya viazi, mihogo na magimbi ya nazi ikifuatwa na mlo mwingine kamili saa tatu. Tui zito la nazi lina takriban kalori 200 kwa mililita 100; tumia jepesi, au pika kimoja tu kwa nazi.

Wa zamu za usiku wahesabu "asubuhi" kuanzia wanapoamka, lakini mlo mzito wasiuweke kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri. Kula kabla ya zamu, beba kitu chepesi, kisha kula kidogo kabla ya kulala mchana.

Wiki nne, kisha uamuzi

Shika mpango mmoja kwa wiki nne bila kuuchanganya na mwingine. Usihukumu kabla ya hapo, kwa sababu wiki ya kwanza ni maji na wiki ya pili ni mazoea. Mwisho wake linganisha wastani wa uzito wa wiki ya nne na wa wiki ya kuandika, kiuno, na namba za njaa za saa kumi hadi saa nne usiku.

Ukiwa umepungua kilo moja na nusu hadi mbili na njaa ya jioni iko chini ya 5, usiguse kitu. Ukiwa umepungua lakini njaa ya jioni ni 7 kila siku, jumla ni sahihi ila mgawanyo haukufai. Hamisha kalori 150 kutoka mlo usiouhitaji sana kwenda ule unaotangulia njaa hiyo, au badilisha mpango kabisa kwa wiki nne zinazofuata. Njaa ikiwa ndogo na uzito haujasogea, tatizo ni jumla: pima upya mafuta, sukari na unga kwa siku tatu, na mara nyingi kalori 300 zilizojificha zitaonekana. Kama kweli hazipo, punguza 150 kutoka kwenye wanga wa mlo mmoja, si kutoka kwenye protini wala mboga. Uzito ukisimama lakini kiuno kikapungua sentimita mbili, subiri wiki mbili zaidi kabla ya kupunguza chochote, hasa kama umeanza kunyanyua vitu vizito au uko karibu na hedhi.

Kila unapopungua kilo 5 hivi, rudia hesabu ya jumla, kwa kuwa mwili mdogo hutumia nishati kidogo. Mlo uliokushusha kutoka kilo 92 hadi 87 unaweza kuwa ndio utakaokushikilia kwenye 82. Punguza 100 au ongeza nusu saa ya kutembea kila siku, gawanya upya kwa asilimia zilezile zilizokufaa, na uhesabu wiki nyingine nne.